Blanketi la Mtoto Mchanga

Maguu ni mahali pa milima katika nchi ya Wamatengo, wilaya ya Mbinga, mkoa wa Ruvuma. Mtu akitoka Mbamba Bay, katika ufuko wa Ziwa Nyasa, na kupanda mpaka Umatengo, huona hewa ikibadilika njiani. Maji ya Ziwa yako mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, bali vilele vya milima hiyo hufikia mita 2,000. Kila apandapo mtu mita 1,000, joto hupungua kadiri ya digrii 6. Kwa hiyo usiku mmoja mvuvi huweza kulala ufukoni bila kujifunika sana, na mkulima wa kahawa mlimani akakaa karibu na moto. Mwezi wa Juni na wa Julai baridi huzidi.

Mtu mzima huistahimili baridi hiyo. Hutetemeka, na kutetemeka huutia mwili joto. Lakini mtoto mchanga hawezi kutetemeka kama mkubwa. Kichwa chake ni kikubwa kwa kadiri ya mwili wake, ngozi yake ni nyembamba, na mafuta chini ya ngozi ni machache. Tena huzaliwa mwili umelowa, na maji yakaukapo huondoka pamoja na joto. Mwili wake wapaswa kuwa na joto la digrii 36.5 hata 37.5. Likipungua sana, mtoto hulegea, hukosa nguvu za kunyonya, na yamkini afe. Ndiyo sababu katika nchi ya baridi blanketi la mtoto si pambo tu.

Lakini blanketi lenyewe halina joto. Kazi yake ni kulinda joto lililokwisha kuwapo, kama vile majivu yalindavyo kaa la moto usiku kucha. Kinacholinda ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi. Kila Mmatengo huweza kulifahamu jambo hili akitazama shamba la ngolo. Katika miteremko mikali, mashimo ya ngolo hushika maji ya mvua yasikimbie bondeni pamoja na udongo. Vivyo hivyo vitanzi vya blanketi hushika hewa isikimbie na joto la mtoto. Basi mtoto akizaliwa, kwanza hukaushwa, huvikwa kofia, na kulazwa kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi. Kisha blanketi huwafunika wote wawili, uso wa mtoto ukiwa wazi. Mama ndiye moto, na blanketi ni majivu.

Mablanketi mengine huuzwa dukani, na mengine hufumwa kwa mikono na bibi, shangazi au dada, ili yawe zawadi kwa mtoto wa jamaa. Njia moja ya kuyafuma huitwa kroshia. Neno hili limetoka katika lugha ya Kifaransa, na maana yake ni kulabu ndogo. Kwani sindano ya kroshia ni moja tu, nayo ina kulabu nchani. Kwa kuwa vyombo vyake ni sindano moja na uzi, kazi hii imewafaa hata watu maskini sana. Mwaka 1845 ugonjwa uliharibu viazi katika kisiwa cha Ireland, ikawa njaa ya miaka mingi, wakafa watu wapata milioni moja. Katika miaka hiyo masista Waursula wa Blackrock, karibu na mji wa Cork, waliwafundisha wasichana kufuma kroshia. Kazi zao ziliuzwa, na jamaa nyingi zilipata chakula kwa fedha hizo.

Kufuma huanza kwa mnyororo. Mfumaji hufanya kitanzi cha kwanza, hukitia sindanoni, kisha huvuta uzi kwa kulabu upite ndani yake. Hicho ni kitanzi cha pili, naye huendelea hivyo hivyo. Mnyororo ukitosha urefu, hugeuka. Huchomeka sindano katika kitanzi cha mnyororo na kuvuta uzi, na sasa sindanoni mna vitanzi viwili. Huvuta uzi tena upite katika vyote viwili, kikabaki kimoja. Hufanya vivyo kwa kila kitanzi mpaka mwisho wa safu. Kisha huongeza kitanzi kimoja cha kugeukia, na kuanza safu ya pili.

Mikono hujifunza upesi. Lililo gumu ni hesabu. Mfumaji mwema hufuma kwanza kipande kidogo na kukipima. Tuseme kipande cha sentimita 10 kina vitanzi 14 kwa upana na safu 16 kwa urefu. Akitaka blanketi la sentimita 75 kila upande, atahitaji vitanzi 105 katika kila safu, na safu 120. Vyote pamoja ni vitanzi 12,600. Akifuma safu 3 kila jioni, atamaliza kwa siku 40. Basi msichana ambaye dada yake atajifungua mwezi wa Juni, na asianze mwezi wa Mei. Mtoto hangoji blanketi.

Tena ahesabu vitanzi vya kila safu. Kitanzi cha pembeni husahauliwa kwa urahisi, na kosa lake halionekani siku ile. Akiacha kimoja katika kila safu, baada ya safu 30 vitabaki 75, na upana utakuwa sentimita 54 tu badala ya 75. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Afadhali kufumua safu moja leo kuliko kufumua thelathini mwezi ujao.

Yako na mambo mengine ya kuangaliwa. Matundu yawe madogo, vidole vya mtoto visinaswe. Mwisho wa uzi ufichwe ndani, wala pasitiwe vishada wala vifungo awezavyo kumeza. Nyuzi nyingi za dukani siku hizi si manyoya ya kondoo, bali zimetengenezwa viwandani, nazo huyeyuka zikiguswa na moto. Kwa hiyo blanketi lisianikwe juu ya jiko. La manyoya ya kondoo lisifuliwe kwa maji ya moto, maana litajikunja na kuwa dogo. Blanketi lolote lifuliwe kabla ya kumfunika mtoto.

Zawadi ya namna hii haipimwi kwa bei ya uzi. Aliyeifuma amemfikiri mtoto jioni arobaini kabla hajamwona.

Maswali

1. Kwa nini Maguu ni baridi kuliko Mbamba Bay?
2. Vitanzi vya blanketi na mashimo ya ngolo vinafananaje?
3. Mtoto aliyepoa amelazwa peke yake katika blanketi. Je, litamtia joto? Eleza sababu.
4. Kwa kipimo kile kile, blanketi la sentimita 60 kila upande litahitaji vitanzi vingapi katika safu, na safu ngapi?