Ng'ombe Asiyekula Majani

Kaskazini ya Uingereza kuna bonde liitwalo Swaledale. Milima yake ina majani mafupi na miti michache, na watu wake ni wafugaji wa kondoo tangu zamani. Katika kijiji kidogo cha bonde hilo, jina lake Thwaite, walizaliwa ndugu wawili: Richard Kearton mwaka 1862, na mdogo wake Cherry mwaka 1871. Walikua kati ya kondoo na ndege, wakajifunza mapema desturi za wote wawili.

Mwanafunzi wa Kongo anajua majira ya mvua na majira ya kiangazi. Mchana wake ni karibu saa kumi na mbili siku zote za mwaka. Huko Uingereza sivyo. Mwezi wa kumi na mbili jua huchelewa sana kutoka na huwahi kushuka. Mchana wote haufiki saa nane. Baridi ni kali. Maji ya madimbwi huwa magumu kama jiwe. Theluji huanguka bila kelele, nyeupe kama unga wa muhogo, ikafunika milima, njia na mapaa ya nyumba. Miti mingi haina jani hata moja. Wadudu hawaonekani: wengine wamekufa, wengine wamejificha chini ya maganda ya miti. Basi ndege wanaokula wadudu wanaoruka wamekwisha kuondoka zamani, na wale waliobaki hutafuta mbegu na matunda madogo ya vichakani, au huja karibu na nyumba za watu kuokota makombo.

Halafu, siku moja ya mwezi wa pili, asubuhi, theluji ikiwa bado chini, ndege mmoja hupanda juu ya mti mkavu na kuanza kuimba. Ni ndege wa rangi ya udongo mgongoni, kifua cheupe chenye madoa. Hurudia kila neno la wimbo wake mara mbili au tatu, kama mtoto anayejifunza somo kwa moyo. Kwa nini anaimba, na baridi haijaondoka? Ndege huyo hangoji joto. Mchana umeanza kurefuka kidogo kidogo, na mwili wake umekwisha kuusikia mwanga huo. Mwezi wa tatu atajenga kiota na kukipaka ndani kwa ute na miti iliyooza mpaka kiwe laini kama bakuli, na humo jike atataga mayai ya rangi ya mbingu yenye madoa meusi. Siku hizo hizo ndege wenye midomo mirefu iliyopinda huacha pwani ya bahari na kurudi milimani wakipiga filimbi. Mwezi wa nne hufika mbayuwayu. Hapo watu wa bonde husema kwamba baridi imekwisha, ingawa mara nyingine theluji huwakosoa.

Richard alipokuwa mtoto alipenda kutafuta viota, kama watoto wengi wa kijiji. Siku moja alipanda mti kwa ajili ya kiota, akaanguka. Nyonga yake iliteguka na haikupona sawasawa. Mguu mmoja ukabaki mfupi kuliko mwingine. Toka siku ile alichechemea mpaka kufa kwake. Lakini ndege hakuwaacha. Alijua kuiga sauti zao vizuri hata wenyewe wakamjibu.

Wakati ule mtu aliyetaka kujifunza habari za ndege alichukua bunduki. Alimpiga ndege, akamtoa nyama, akaijaza ngozi yake pamba na kuiweka ndani ya sanduku la kioo. Mayai yalitobolewa, yakamwagwa, na maganda yakapangwa kwenye droo kama vifungo vya nguo. Wenye elimu walifanya hivyo, na matajiri walishindana nani ana mayai mengi zaidi. Kadiri ndege alivyokuwa haba, ndivyo walivyomtaka zaidi. Na kadiri walivyomtaka, ndivyo alivyozidi kuwa haba. Walikuwa na maelfu ya ndege waliokufa, na habari chache sana za ndege aliye hai: namna anavyolisha watoto wake, anavyosafisha kiota, anavyowakinga na mvua.

Walipokuwa wakubwa, ndugu hao walifanya kazi huko London. Mwezi wa nne wa mwaka 1892 walikwenda shambani karibu na mji huo, wakaona kiota cha yule ndege mwimbaji mwenye madoa, na mayai yamo. Cherry alikuwa na kamera. Akakipiga picha. Picha ile ilitoka safi, na Richard alipoitazama, aliona kwamba kiota kimekuja nyumbani, na tena kimebaki kichakani. Kutoka hapo wakaanza kazi yao. Mwaka 1895 walitoa kitabu kuhusu viota vya ndege wa Uingereza, na picha zake zote zilipigwa kwa kamera porini. Kitabu cha namna hiyo hakikuwako mbele yake.

Haikuwa kazi nyepesi. Kamera ya siku zile ilikuwa sanduku la mbao lililosimama juu ya miguu mitatu. Mpigaji alijifunika kitambaa cheusi ili aone vizuri kioo cha nyuma. Picha ilishikwa juu ya kioo kilichopakwa dawa, kila kioo picha moja tu. Kioo kikianguka juu ya jiwe, picha imepotea. Tena dawa ile ilihitaji mwanga mwingi. Ndege akitikisa kichwa, pichani kichwa chake kilionekana kama moshi. Ndiyo maana walianza na viota na mayai, kwa kuwa yai halitikisiki. Na ndiyo maana walifanya kazi zaidi wakati baridi inapokwisha. Wakati huo mwanga unaongezeka kila siku, majani ya vichaka hayajawa mengi ya kuficha viota, na ndege mwenye mayai hawezi kwenda mbali: akiruka, lazima arudi.

Lakini atarudi kama haoni mtu. Hapo ndugu hao walitumia akili nyingi. Walitengeneza shina la mti la uongo, mtu akasimama ndani yake na kamera. Walitengeneza jiwe la uongo. Mashambani, pahali pasipo na miti wala mawe, hata hila hizo hazikufaa. Richard akawaza: Ni kitu gani kinachosimama katikati ya majani kila siku, na ndege hakiogopi? Ni ng'ombe! Basi walipata ngozi ya ng'ombe, wakaipa fundi wa kujaza ngozi za wanyama, naye akaivika juu ya mbao nyepesi zilizofungwa kwa umbo la ng'ombe. Ng'ombe huyo alikuwa na kichwa, mkia na miguu minne, na tundu dogo la kutolea jicho la kamera. Mtu aliingia ndani na kukaa ameinama, bila kukohoa, saa nyingi.

Joto la mle ndani lilikuwa kubwa. Siku moja Richard alizimia, na ng'ombe akapinduka pamoja naye, miguu juu. Cherry alipokuja kumtazama ndugu yake, alikuta ng'ombe amelala chali katikati ya shamba. Kwanza akampiga picha ng'ombe. Halafu ndipo akamtoa Richard. Picha hiyo ipo mpaka leo.

Wapiga picha wa ndege wana hila nyingine isiyohitaji ngozi. Watu wawili huenda pamoja mpaka kwenye kibanda cha majani walichojenga karibu na kiota. Mmoja huingia, mwingine huondoka akijionyesha wazi. Ndege anaona mtu anakwenda zake. Hajui kutoa mbili kwa moja, anarudi kwenye mayai yake. Kibanda chenyewe hakijengwi siku moja. Hujengwa mbali kwanza, kisha husogezwa kidogo kidogo, siku baada ya siku, ndege akizoea. Anayekwenda kwa haraka hupata kiota kitupu. Mayai yakipoa mno, kifaranga aliye ndani hufa; tena kunguru hutazama watu wanapopita, akafuata majani yaliyokanyagwa mpaka kwenye kiota. Kwa hiyo mpiga picha mwema huacha picha na kwenda zake, ndege akikawia kurudi.

Richard alikufa mwaka 1928. Cherry alikuja Afrika mara nyingi na kamera yake, akafa mwaka 1940. Mwaka 1954 Uingereza ilitoa sheria ya kulinda ndege wa porini pamoja na viota na mayai yao. Siku hizi kamera haina kioo cha dawa. Ina jicho refu linalovuta ndege wa mbali, na hata simu ya mkononi hupiga picha. Ng'ombe wa ngozi hana kazi tena, ila kungoja kumebaki palepale.

Kati ya ndege waliongojewa katika bonde la Swaledale, mmoja ni mgeni wa Kongo pia, yaani mbayuwayu. Mgongo wake ni wa buluu ya kung'aa, uso na koo ni nyekundu kama kutu, na mkia wake umegawanyika kama uma. Uzito wake ni gramu 20 hivi, kama barua ya karatasi chache. Zamani watu wa Ulaya waliona ametoweka wakati wa baridi, wakadhani amelala ndani ya matope chini ya maziwa! Mwezi wa tano wa mwaka 1911 Mwingereza mmoja, Bwana John Masefield, alimvisha mbayuwayu pete ndogo mguuni, katika jimbo la Staffordshire. Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka 1912 ndege yule alikamatwa Natal, Afrika ya Kusini, pete bado mguuni. Baadaye mbayuwayu wengine wenye pete za Ulaya walionekana Kongo. Toka Lubumbashi mpaka Uingereza ni zaidi ya kilometa 7,000, na katikati kuna jangwa la Sahara.

Huja Kongo karibu na mwezi wa kumi, mvua zinapoleta wadudu wengi. Hajengi kiota huku. Mbayuwayu wanaojenga kwa matope chini ya mapaa ya Kongo ni wa jamaa nyingine. Huyu wa Ulaya amekuja kula na kubadili manyoya. Anapofika, manyoya yake yamechakaa kwa kazi ya kulea watoto. Yanaanguka moja moja, mapya yanaota, na zile nyuzi mbili ndefu za mkia huwa za mwisho kukamilika. Mwezi wa tatu ndege anang'aa kama nguo ya sikukuu. Ndipo wanakusanyika kwa mamia juu ya nyaya na katika matete, wakipiga kelele. Huku mchana haurefuki sana, lakini ndani ya mwili wa mbayuwayu mna kitu kama saa kinachomwambia kwamba huko Ulaya theluji inayeyuka.

Mtoto asiye na kamera aweza kuwapiga picha kwa penseli. Akae chini ya nyaya bila manati mkononi, achore mkia kama alivyouona, aandike tarehe. Wiki ijayo achore tena. Michoro ya mwezi wa kumi na ile ya mwezi wa tatu ikiwekwa pamoja, tofauti ya mkia itaonekana. Na siku atakayokuta nyaya tupu, aiandike tarehe hiyo pia.

MAULIZO

Kwa sababu gani ndege mwimbaji huanza kuimba kabla ya baridi kwisha? Zamani wenye elimu waliwachunguza ndege kwa njia gani? Kwa nini ndugu Kearton walianza na picha za mayai? Eleza hila ya watu wawili na kibanda. Mbayuwayu wa Ulaya afanya nini akiwa Kongo? Tazama nyaya zilizo karibu na shule: mbayuwayu ni wangapi leo?