Somo: Maneno Magumu Juu ya Ekografi

Tufikiri habari ya mama mmoja mwenye mimba ya miezi minane. Alianza kutoka damu, bila maumivu. Alipofika hospitali, mganga alitaka afanyiwe ekografi. Mama akakataa. Alikuwa amesoma katika gazeti kwamba mashini ile inampiga mtoto kwa "mionzi ya sauti ya juu sana." Akawaza: "Mionzi inaunguza, na sauti ya juu inaharibu masikio. Heri nirudi nyumbani."

Mama huyu si mjinga. Alisoma vizuri; lakini maneno yaliandikwa kwa namna isiyo wazi. Basi tuyachunguze moja moja.

1. "Sauti ya juu"

Neno hili lina maana mbili. Tukimwambia mtoto asiseme kwa sauti ya juu, tunataka apunguze makelele. Lakini sauti ya ngoma ndogo nayo iko juu kuliko ya ngoma kubwa, hata ukiipiga polepole. Mwandishi alitaka kusema maana hii ya pili, yaani sauti nyembamba.

Kila sauti ni mtikisiko. Sikio la mtu linaweza kusikia mpaka mitikisiko elfu 20 hivi kwa sekunde moja. Sauti ya ekografi inatikisika mara milioni 2 na zaidi. Kwa hiyo hatuisikii. Popo wanaokula wadudu nao wanalia kwa sauti tusiyoisikia, na kwa mwangwi wake wanapata njia gizani. Hapana siri wala uchawi.

2. "Mionzi"

Watu wanaposema "kupiga radio" hospitalini, ni mashini nyingine, ile inayoonyesha mifupa. Radio inatumia mionzi ya X, ambayo Wilhelm Röntgen aliigundua mwaka wa 1895. Mionzi hiyo ikizidi inaweza kudhuru mwili, kwa hiyo waganga hawampigi radio mama mwenye mimba bila sababu kubwa. Lakini ekografi haina mionzi ya X hata kidogo. Ni sauti tu. Ukisoma "mionzi ya sauti," weka mahali pake "mawimbi ya sauti."

3. "Picha"

Ekografi haipigi picha kama kamera. Ukisimama mbele ya mlima na kuita, mlima unakurudishia sauti yako. Mlima ukiwa karibu, jibu linakuja upesi. Ukiwa mbali, linakawia. Ndivyo mashini inavyofanya. Inapeleka sauti ndani ya mwili, kisha inangojea mwangwi. Katika nyama laini sauti inakwenda karibu mita 1540 kwa sekunde. Mashini inapima wakati wa mwangwi kurudi, nayo inatambua umbali na kuweka nukta mahali pake. Nukta nyingi pamoja zinakuwa picha. Mwaka wa 1958 mganga Ian Donald wa Glasgow na wenzake walitangaza habari ya kuchunguza tumbo kwa njia hii.

Na ule ute wa baridi unaopakwa tumboni? Wengine wanauita dawa. Si dawa. Hewa inazuia sauti hii isipite, na ute unaondoa hewa kati ya mashini na ngozi.

4. "Mashini inaona yote"

Neno hili si kweli. Picha inataka mtu aliyejifunza kuisoma, na iko magonjwa isiyoyaonyesha. Ukiambiwa, "Ekografi ni nzuri," maana yake ni kwamba siku ile ubaya haukuonekana. Si ahadi kwamba utazaa bila shida. Usiache kupimwa mimba, wala usiache kuzalia hospitali.

5. "Haina hatari"

Mpaka sasa haijaonekana kwamba ekografi inamdhuru mtoto, ikitumiwa na mtu aliyejifunza, kwa sababu nzuri. Lakini sauti hii inaweza kupasha mwili moto kidogo. Kwa hiyo si kitu cha kuchezea. Mwaka wa 2016 Shirika la Afya Duniani (OMS) lilishauri kila mama afanyiwe ekografi moja kabla ya juma la 24 la mimba.

Sasa turudi kwa yule mama. Mkunga aliketi karibu naye, akamweleza maneno haya polepole, naye akakubali. Ekografi ikaonyesha kwamba kondo la nyuma limelala juu ya mlango wa tumbo la uzazi na kuuziba. Kama angalimpima kwa vidole ndani, damu nyingi ingaliweza kutoka. Kama angalingojea nyumbani mpaka uchungu uanze, yeye na mtoto wangaliweza kufa. Alilazwa, akapasuliwa kwa wakati wake, na wote wawili wakapona.

Kumbukeni, ndugu: neno likikutia hofu, usikimbie, wala usiliamini upesi. Mwulize mganga au mkunga, "Neno hili maana yake nini?" Naye mama mwenye mimba akiona damu, hata kidogo, hata bila maumivu, aje hospitali siku ile ile.

Maswali

1. "Sauti ya juu" ina maana gani mbili?
2. Radio na ekografi zinatofautiana namna gani?
3. Ute unapakwa tumboni kwa sababu gani?
4. Mama akiambiwa ekografi yake ni nzuri, kwa nini azalie hospitali?