Si Kila Chombo Hutumika Tena: Afya ya Kaya katika Vijiji vya Korosho

Katika vijiji vya Kilimarondo, wilayani Nachingwea, kama ilivyo kwa majirani wao wa Ruangwa, kutumia kitu zaidi ya mara moja ni desturi ya siku nyingi. Matawi ya mkorosho yaliyopogolewa huwa kuni, mabua ya mbaazi huwashia moto, pumba hulishwa kuku, na majivu hurudi bustanini. Desturi hiyo hupunguza gharama na kuupumzisha msitu. Hata hivyo, isipowekewa mipaka, huweza kuingiza sumu jikoni. Somo hili linaeleza ni vitu gani virudi katika matumizi ya nyumbani, ni vipi visirudi kamwe, na kwa sababu gani.

Dawa ya mikorosho si dawa ya binadamu

Mikorosho inapochanua, hasa kati ya Juni na Septemba, hushambuliwa na ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu unaokausha maua na kupunguza mavuno. Wakulima huudhibiti kwa salfa ya unga au kwa viuatilifu vya maji, na wadudu huuawa kwa viuatilifu vingine. Vyote hivyo huitwa kwa jina moja la "dawa". Jina hilo huficha hatari. Salfa huwasha macho, pua na koo, na humzidishia dhiki mwenye pumu. Baadhi ya viuatilifu vya wadudu, hususan vya kundi la oganofosfeti, huvuruga mishipa ya fahamu na vinaweza kuua.

Msimu unapokwisha, nyumbani hubaki madumu, chupa na mifuko. Dumu ni imara, lina mfuniko, na ndoo mpya hununuliwa kwa fedha. Hapo ndipo kishawishi cha kulitumia kwa maji ya kunywa, mafuta ya kula au pombe ya kienyeji kinapoanza, na mfuko wa salfa nao hugeuzwa gunia la mahindi.

Chombo kitupu si chombo safi

Kiuatilifu hunata kwenye kuta za chombo, na sehemu yake hupenya ndani ya plastiki yenyewe. Sabuni, mchanga au maji ya moto haviwezi kuitoa yote. Kwa hiyo hakuna namna ya kuosha inayolifanya dumu la kiuatilifu lifae kwa chakula au maji.

Kusuuza mara tatu bado ni lazima, ila kwa lengo jingine: kupunguza sumu inayobaki kabla ya chombo kuondolewa nyumbani. Wakati wa kuchanganya kiuatilifu, chombo kilichokwisha hutiwa maji hadi robo, hufungwa, hutikiswa kwa nusu dakika, kisha maji hayo humiminwa ndani ya bomba la kupulizia ili yatumike shambani. Kazi hiyo hurudiwa mara tatu. Baada ya hapo chombo hutobolewa ili asijitokeze mtu wa kukitamani. Hakichomwi moto wala hakitupwi mtoni au karibu na kisima. Hufungiwa mahali ambapo watoto hawafiki, na familia humwuliza afisa ugani au chama cha msingi cha ushirika kuhusu utaratibu wa kukirejesha.

Kuni, moshi na maganda ya korosho

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa nyumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Moshi huo huchangia nimonia kwa watoto wadogo, na magonjwa sugu ya mapafu na ya moyo kwa watu wazima. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa Tanzania, wa 2024 hadi 2034, umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Kaya ambayo bado haijamudu gesi au umeme inaweza kuanza na hatua ndogo: kukausha kuni vizuri, kutumia jiko banifu, kufunika sufuria, kuloweka maharage au mbaazi usiku kucha ili ziive upesi, na kupikia mahali penye hewa, mbali na mtoto mchanga. Kila hatua huokoa kuni na mapafu kwa pamoja.

Viko vitu viwili visivyofaa kuwa kuni. Cha kwanza ni maganda magumu ya korosho. Yana mafuta makali yanayobabua ngozi, na moshi wake huwasha macho na kifua. Ndiyo maana korosho ghafi hazifai kukaangwa ndani ya nyumba. Cha pili ni plastiki, ambayo wengine huitumia kuwashia mkaa. Moshi wake una kemikali za sumu, na majivu yake hayafai kurudishwa bustanini.

Bustani na maji

Maganda ya matunda, majani makavu na samadi vikirundikwa na kugeuzwa mara kwa mara huwa mboji. Mbaazi nazo hurutubisha udongo kwa kuuongezea naitrojeni. Mchicha, matembele na majani ya maboga yanaweza kumwagiliwa kwa maji yaliyooshea mboga au vyombo vya chakula, jambo lenye manufaa makubwa katika eneo lenye msimu mmoja wa mvua. Maji yaliyofulia nguo za kupulizia yasiguse bustani wala kisima, na nguo hizo zifuliwe peke yake.

Bustani iwe mbali na mikorosho inayopuliziwa. Iwapo kiuatilifu kimeifikia, mboga zisichumwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo zipite. Maji ya mvua yahifadhiwe katika vyombo vilivyofunikwa, maana mbu aenezaye homa ya dengi huzaliana katika mapipa yaliyo wazi, makopo na matairi.

Sumu inapoingia mwilini

Aliyemwagikiwa huvuliwa nguo na kuoshwa kwa maji mengi na sabuni. Macho husafishwa kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Aliyekunywa asilazimishwe kutapika, wala asipewe maziwa au mafuta. Apelekwe kituo cha afya mara moja, na lebo au chombo kipelekwe pia kikiwa kimefungwa ndani ya mfuko.

Mhudumu wa afya ashuku sumu ya oganofosfeti anapomwona mgonjwa mwenye mate na jasho jingi, mboni ndogo za macho, kutapika, kuharisha, misuli inayotukutika au kifua kilichojaa majimaji. Ajikinge kwa glavu, ahakikishe njia ya hewa iko wazi, ampe atropini kwa kufuata mwongozo wa tiba, na aandae rufaa mapema.

Maswali ya kuuliza kliniki

Kila anayefika na kikohozi, kichefuchefu au upele katika msimu wa kupulizia aulizwe maswali manne. Je, nani nyumbani hupulizia mikorosho, na alipulizia lini? Madumu matupu yako wapi sasa? Maji ya kunywa huhifadhiwa katika chombo gani, na chombo hicho awali kilibeba nini? Jikoni huchomwa nini?

Maswali hayo huchukua dakika chache. Jibu la swali la tatu pekee linaweza kumwondoa mtoto katika hatari kabla hajaanza kuugua. Familia ikigundua kwamba dumu lake la maji lilikuwa la kiuatilifu, maji hayo yasinywewe tena na dumu litobolewe siku hiyohiyo.