SOMO LA AFYA: Unga wa Kapsuli Si Dawa ya Jeraha la Moto

Sufuria ya uji imepinduka na mtoto ameungua mkono. Jirani anakuja mbio na ushauri: fungua kapsuli ya rangi mbili, nyunyiza unga wake juu ya jeraha. Wengi wetu tumeona haya yakifanywa, tena kwa nia njema. Lakini unga huo unaweza kuligeuza jeraha dogo kuwa ugonjwa mgumu kutibu.

Kwa nini jeraha la moto hushika vijidudu haraka?
Ngozi ni ukuta wa mwili. Ikiungua, ukuta huo hubomoka. Nyama iliyokufa haipitishi damu, hivyo kinga ya mwili na hata dawa ya kumeza hufika hapo kwa shida. Bakteria nao hupata chakula na unyevu.

Unga huo hufanya nini?
Kapsuli hizo mara nyingi huwa na amoksilini. Dawa hii haiui kila bakteria. Kwa mfano, Pseudomonas, anayeishi kwenye maji na sehemu zenye unyevu na ambaye husumbua sana wagonjwa walioungua, hadhuriki nayo. Unga huua walio dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu. Kumbuka, anayezoea dawa si mwili wako, ni bakteria. Tena anaweza kumwambukiza mgonjwa wa kitanda cha pili.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka wa 1928, alionya mwaka wa 1945 kwamba dozi isiyotosha huwafanya vijidudu kuwa sugu.

Mtu akiungua, fanya hivi:
• Mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usitumie barafu.
• Vua pete, bangili na nguo za sehemu hiyo. Nguo iliyogandamana na ngozi iache.
• Funika kwa kitambaa safi, bila kukaza.
• Usipake dawa ya meno, yai, unga wala mafuta. Usipasue malengelenge.
• Nenda kituo cha afya, hasa aliyeungua akiwa mtoto, au jeraha likiwa usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au limetokana na umeme. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Rudi hospitalini upesi ukiona usaha, harufu mbaya, maumivu yanayozidi, wekundu unaoenea au homa.

Si kila jeraha la moto huhitaji antibiotiki. Mhudumu wa afya anaweza kuchukua sampuli ili maabara ionyeshe ni dawa ipi itafanya kazi. Ukiandikiwa dawa, itumie jinsi ulivyoelekezwa, na usimgawie jirani iliyobaki.

Mzazi, maji ya mfereji ndiyo huduma ya kwanza. Kapsuli iache ndani ya pakiti yake.