SOMO KWA WANANCHI: KUUNGANISHA VIPANDE VYA FAILI KATIKA DISKI YA KOMPYUTA YA NYUMBANI

Utangulizi

Wananchi wa Kigoma, Ujiji na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika wenye kompyuta majumbani wanaombwa kulisoma somo hili kwa makini na kuwaeleza wenzao. Somo linahusu kazi ya kuviunganisha vipande vya faili vilivyotawanyika ndani ya diski, pamoja na namna ya kuipangia kazi hiyo ratiba. Ikifanywa ipasavyo, kazi hii huirudishia kompyuta kuukuu sehemu ya wepesi wake bila ya gharama. Ikifanywa pasipo tahadhari, huweza kuimaliza diski iliyokwisha kuchoka, na pamoja nayo hesabu za biashara, picha za ukoo na nakala za hati ambazo pengine hazipo mahali pengine popote.

1. Maana ya faili kutawanyika

Kompyuta haiiweki faili katika diski kama kitu kimoja kizima. Huigawa katika mafungu madogo yenye ukubwa ulio sawa. Katika mpangilio wa kawaida wa Windows, ambao huitwa NTFS, kila fungu lina kilobaiti 4. Hivyo picha moja yenye megabaiti 5 huchukua mafungu 1,280. Diski ikiwa mpya na tupu, mafungu hayo hukaa yakifuatana. Lakini kadiri faili zinavyofutwa na nyingine kuongezwa, huachwa mapengo huku na huko, na faili mpya isiyoenea katika pengo moja hukatwa na kuwekwa penye nafasi. Faili inayoongezwa kila siku, kama vile daftari la mauzo, nayo hupata vipande vipya mbali na vile vya awali.

Mfano wake ni masijala. Jalada likiwa na kurasa zake zote katika kabati moja, karani hulitoa mara moja. Kurasa zikitawanywa katika makabati ishirini, hakuna kilichopotea, kwa kuwa rejesta huonesha kila ukurasa ulipo; bali karani hulazimika kwenda na kurudi mara ishirini. Diski nayo ina rejesta yake inayoonesha kila kipande kilipo.

Historia ya mji wetu ina mfano mwingine. Meli ya MV Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande na kufungashwa katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku hayo yalisafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha yakaletwa Kigoma kwa njia ya reli, na meli ikaunganishwa tena na kushushwa majini mwaka 1915. Ni wazi kwamba fundi mwenye masanduku yaliyopangwa kwa utaratibu hufanya kazi kwa haraka kuliko yule anayeyatafuta kila upande wa bandari. Kuunganisha vipande vya faili ni kuyapanga masanduku hayo ili yafuatane.

2. Hasara ya kutawanyika

Diski ya kawaida ina sahani zinazozunguka na kichwa kinachosogea juu yake ili kusoma. Diski nyingi za kompyuta za mkononi huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Ili kukifikia kipande kimoja, kichwa husogea kwa muda wa takriban milisekunde 10, kisha husubiri sahani ilete mahali panapotakiwa. Kwa wastani ni nusu ya mzunguko, yaani kama milisekunde 5.6. Kwa hiyo kila kipande kilicho mbali hugharimu takriban milisekunde 16. Muda huo ni mdogo mno kuonekana. Lakini faili iliyokatika vipande 1,000 huongeza kiasi cha sekunde 16 za kwenda na kurudi tu, kabla ya kuhesabu muda wa kusoma kilichomo.

Aidha, ieleweke kwamba si kila uzito wa kompyuta hutokana na jambo hili. Kumbukumbu ndogo, virusi, programu nyingi zinazojiwasha zenyewe na diski iliyojaa kupita kiasi ni sababu nyingine. Anayeunganisha vipande pasipo kuzichunguza sababu hizo asishangae kuona hali imebaki ilivyokuwa.

3. Kwanza itambue aina ya diski

Hili ndilo jambo la msingi kuliko yote. Diski za aina ya SSD hazina sahani wala kichwa. Data hukaa katika vipande vya kielektroniki, na kila mahali hufikiwa kwa muda mfupi sana. Kuzipanga upya hakuleti faida ya kuonekana, ilhali kila uandishi huzipunguzia umri, maana sehemu zake zina idadi maalumu ya kuandikwa. Hukumu hiyo inazihusu pia flashi na kadi za simu.

Matoleo mapya ya Windows hulijua jambo hili. Yakiiona SSD, kwa kawaida huitumia amri ndogo ya kuijulisha nafasi zilizoachwa wazi. Mwananchi asiizuie kazi hiyo. Kinachokatazwa ni kuchukua programu ya zamani au ya kuokota na kuilazimisha SSD kupangwa upya.

Watumiaji wa Linux kwa kawaida hawana haja ya kazi hii, kwani mipangilio kama ext4 hujitahidi tangu mwanzo kuziweka faili zikiwa zimefuatana.

4. Maandalizi

Kabla ya kuanza, mambo yafuatayo yatimizwe kwa mfululizo wake:

(a) Nakala. Nakili faili zote za maana katika diski ya nje au flashi, kisha uzifungue chache kuhakikisha kuwa zinasomeka. Kazi hii huitembeza diski yote kwa saa nyingi, na diski iliyochoka huweza kufa katikati yake.

(b) Afya ya diski. Ikiwa diski inatoa mlio wa kugonga, au faili zinagoma kufunguka, usiunganishe vipande kabisa. Toa data zako kwanza, kisha fikiria kuibadilisha diski. Kwa diski isiyo na dalili hizo, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na uandike «chkdsk C:». Amri hiyo, bila kuongezewa herufi nyingine, husoma na kutoa taarifa tu.

(c) Nafasi. Futa visivyohitajika na umwage pipa la takataka. Programu ya Windows XP ilihitaji asilimia 15 ya diski iwe wazi ili imalize kazi yake, na kipimo hicho kingali kizuri kufuatwa. Kwa diski ya gigabaiti 500, hiyo ni gigabaiti 75.

(d) Umeme. Kwa miaka mingi mji wa Kigoma ulipata umeme wa mitambo ya dizeli nje ya gridi ya taifa, na wakazi wake wanajua vema maana ya umeme kukatika ghafla. Katika NTFS, programu hukinakili kipande mahali papya kabla ya kuirekebisha rejesta, na mabadiliko huwekewa kumbukumbu. Kwa hiyo umeme ukikatika, kwa kawaida faili husalimika. Hata hivyo, kuzimika kwa ghafla hudhuru diski yenyewe. Mwenye kompyuta ya mezani atumie kifaa cha akiba ya umeme. Mwenye ya mkononi ahakikishe betri ina chaji na waya umechomekwa. Aidha, salio la LUKU liangaliwe: kompyuta inayotumia wati 100 humaliza uniti moja kwa saa 10. Wakati wa masika yenye radi, kazi iahirishwe pindi mawingu yanapokusanyika ziwani.

5. Namna ya kuifanya kazi

Kwa Windows 10 na 11, fuata hatua hizi:

Kwanza, andika neno «defrag» katika kisanduku cha kutafutia na ufungue programu itakayojitokeza.

Pili, soma safu ya aina ya chombo. Ikiwa imeandikwa «Hard disk drive», endelea. Ikiwa imeandikwa «Solid state drive», rejea sehemu ya 3 na uiache mikononi mwa kompyuta.

Tatu, chagua diski na ubonyeze «Analyze». Itaoneshwa asilimia ya mtawanyiko. Ikiwa haizidi 10, hakuna haja ya kuendelea. Ieleweke kwamba tangu Windows Vista, vipande vyenye ukubwa wa megabaiti 64 au zaidi havihesabiwi, kwa kuwa kipande kikubwa hivyo hakimchelewesha msomaji. Ndiyo maana programu mbili huweza kutoa majibu mawili kwa diski moja.

Nne, funga programu nyingine zote, kisha ubonyeze «Optimize». Kazi huweza kuchukua dakika chache au saa nyingi, kulingana na ukubwa wa diski na mtawanyiko wake. Ukilazimika kuisimamisha, bonyeza «Stop», usichomoe waya.

Anayependa kuandika amri aweza kutumia «defrag C: /A» kwa uchunguzi, na «defrag C: /O» kwa kazi inayolingana na aina ya diski, akiwa na mamlaka ya msimamizi.

6. Kupanga ratiba

Wavuvi wa dagaa wa ziwa hili huvua kwa taa katika usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu husitisha kuvua, na siku hizo ndipo nyavu hutengenezwa. Ratiba ya kompyuta nayo ifuate utaratibu huo: matengenezo yafanyike wakati ambapo kazi haipo.

Kwa kompyuta ya nyumbani, mara moja kwa wiki yatosha. Kwa itumikayo kidogo, mara moja kwa mwezi. Katika Windows 10 na 11, bonyeza «Change settings», weka alama penye «Run on a schedule», chagua kipindi, kisha uchague diski zinazohusika. Saa yenyewe hupangwa na mfumo pamoja na matengenezo mengine, kompyuta ikiwa imewashwa, haitumiki na imeunganishwa na umeme. Katika Windows 7, mtumiaji huchagua mwenyewe siku na saa.

Hapa wananchi wanatahadharishwa kuhusu mambo matatu.

La kwanza ni hesabu ya saa. Ratiba ya asili ya Windows 7 ni Jumatano, «1:00 AM». Kwa hesabu yetu hiyo ni saa saba usiku, wala si saa moja asubuhi. Anayetaka kazi ifanyike saa nane mchana, wakati watu wamepumzika, aandike «2:00 PM». Akiandika 8 atakuwa ameipanga asubuhi au jioni, saa ambazo huenda kompyuta inahitajika.

La pili ni majira ya nchi. Tanzania iko saa tatu mbele ya saa ya dunia, ilhali Bujumbura, Kalemie na Mpulungu ziko saa mbili. Kompyuta iliyonunuliwa ng'ambo ya ziwa huenda ikawa inakwenda kwa saa ya huko. Katika mipangilio ya saa, chagua majira ya Nairobi, ambayo ndiyo yetu. Ikiwa kompyuta kuukuu hurudi kwenye tarehe ya miaka ya nyuma kila inapozimwa, betri ndogo ya saa iliyo ndani yake imekwisha, na ratiba yoyote haitashika mpaka ibadilishwe.

La tatu ni mazoea ya kuzima. Nyumba nyingi huzima kila kitu usiku, na hilo ni jema kwa usalama na kwa salio la LUKU. Lakini kompyuta iliyozimwa haitekelezi ratiba ya saa saba usiku. Kwa nyumba ya namna hiyo, ni afadhali kuchagua saa ya mchana, au kuifanya kazi kwa mkono mara moja kwa mwezi mbele ya macho ya mwenyewe.

7. Maswali ya kujipima

(i) Kwa nini faili iliyotawanyika huchelewa kufunguka ingawa hakuna kilichopotea?
(ii) Diski yako ni ya aina gani, nawe umeitambuaje?
(iii) Uchunguzi umeonesha asilimia 6. Utaendelea au utaacha?
(iv) Unataka kazi ianze saa tisa alasiri. Utaandika nambari gani katika kompyuta?
(v) Ikiwa diski itakufa usiku wa leo, ni faili zipi hutaweza kuzipata tena?

Asiyekuwa na jibu la kuridhisha kwa swali la mwisho anashauriwa kuahirisha hatua zote za somo hili na kuanza na nakala. Kompyuta nzito huvumilika kwa juma moja zaidi, ilhali daftari la mauzo la miaka kumi au picha ya marehemu mzazi haipatikani dukani.