Safiri Wenzako Wakiwa Wametulia: Vidokezo vya Kuokoa Hela

Desemba ikishafika katikati, stendi ya Magufuli pale Mbezi hujaa watu wa Moshi, Rombo na Arusha, kila mmoja akiwahi Krismasi kwao. Ukiweza kuukwepa msururu huo, hela nyingi zitabaki mfukoni.

1. Angalia watu wanaelekea wapi. Siku chache kabla ya Krismasi mabasi hupanda kaskazini yakiwa yamejaa na kushuka Dar yakiwa na viti vitupu. Mwaka Mpya ukipita, mambo hugeuka. Kwa hiyo kama bibi ana nguvu za kusafiri, mlete yeye mjini: tiketi moja ya kushuka badala ya tano za kupanda. Shule zikikaribia kufunguliwa na watu wakirudi Dar, yeye atapata kiti kwa raha.

2. Kama ni lazima uende Krismasi, kata tiketi mapema. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, huweka kikomo cha nauli kwa kila njia, na sikukuu haikipandishi. Wanaokiruka ni walanguzi, wanaomsubiri abiria aliyechelewa. Kata tiketi ofisini kwa kampuni au mtandaoni, kisha soma kiasi kilichoandikwa. Kikiwa pungufu ya ulicholipa, dai palepale, usione haya.

3. Nenda nyumbani Februari. Najua wazee watanuna, maana Krismasi ndiyo ukoo mzima hukutana. Lakini mpigie shangazi umuulize bei ya mbuzi Desemba, halafu umuulize tena Februari. Basi lina nafasi, barabara za vijijini ni kavu, na asubuhi kilele cha Kibo huonekana vizuri. Tena utapata muda wa kukaa na baba mkaongea, jambo gumu nyumba ikiwa na wageni thelathini. Usisubiri hadi masika tu. Udongo wa kule unateleza vibaya.

4. Zanzibar ina bei mbili. Machi hadi Mei ni masika, na hoteli nyingi za Paje, Nungwi na Matemwe hushusha bei. Nyingine hufunga kabisa. Piga simu mwenyewe, uliza bei ya raia, na uliza kama jiko na bwawa vinafanya kazi kipindi hicho. Mimi napendelea mwanzoni mwa Juni: mvua zimekatika na wageni wa Ulaya bado hawajajaa. Mkesha wa Idd usiutegemee, boti za kutoka Dar hujaa. Na kwa kuwa Idd hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, tazama kalenda ya mwaka huu, si ya mwaka jana.

5. Kwa walioko Nairobi: Agosti na Desemba shule zimefungwa, Diani inajaa na tiketi za treni ya Mombasa zinaisha mapema. Kama huna mtoto wa shule, nenda mwishoni mwa Januari.

6. Wahi kuomba likizo. Sheria ya kazi ya Tanzania inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka, ila mwajiri ndiye anayepanga zianze lini. Wenzako wakigombea Desemba, wewe peleka barua ya kuomba Februari kabla Novemba haijaisha.