Mita za ganda si mita za waya

Namba zilizochapwa kwenye kebo ya mtandao ni urefu wa ganda tu. Ndani mna nyaya nane zilizosokotwa mbilimbili, na waya uliosokotwa ni mrefu kuliko kebo inayoubeba. Kama unavuta kebo mpya darini, usijisumbue na hili, kwani ukomo wa mita 100 huhesabiwa kwa kebo yenyewe. Linakuhusu pale unapotafuta, kwa multimita, urefu wa kebo iliyokwisha kuzibwa ukutani au darini.

Wapo wanaokata kipande cha mita moja, wakafumua jozi, wakanyoosha na kupima. Mimi napendelea hesabu. Shaba ikishasokotwa hainyooki sawasawa, na tunachotafuta hapa ni sentimita mbili tatu.

Vipimo vinavyohitajika ni viwili. Kwanza kipenyo cha waya pamoja na plastiki yake: panga nyaya zote nane kwenye rula, zigusane, kisha gawa kwa nane. Kwa kebo ya Cat5e, tuseme umepata milimita 7.2, yaani 0.9 kwa kila waya. Pili, hatua ya msokoto, yaani urefu wa mzunguko mmoja. Laza jozi kando ya rula, fuata waya wa bluu peke yake, hesabu unavyoibuka juu mara 10. Usihesabu kila mahali nyaya zinapopishana! Kila mzunguko una mapishano mawili, na ukikosea hapo nyongeza ya asilimia 2.7 itageuka zaidi ya 10.

Tuseme mizunguko 10 imechukua milimita 120, yaani 12 kila mmoja. Kwa kuwa nyaya mbili zinagusana, kitovu cha kila waya huzunguka duara lenye kipenyo kilekile cha waya: 0.9 mara 3.14 ni 2.83. Mraba wake ni 8, mraba wa 12 ni 144, jumla 152, kipeuo cha pili 12.33. Basi waya umezidi kebo kwa asilimia 2.7. Jozi yenye hatua ya milimita 20 huzidi kwa asilimia 1 tu. Jozi husokotwa tofauti makusudi, ili ishara zisivuje kutoka moja kwenda nyingine, kwa hiyo usilaumu kipimo chako zikikupa majibu tofauti.

Sasa multimita. Unganisha ncha mbili za jozi upande wa mbali, pima upande wako, toa ukinzani wa nyaya za multimita. Shaba ya Cat5e ina takribani omu 0.084 kwa mita, kwenda na kurudi 0.168. Ukisoma 10.5, utasema mita 62.5. Lakini namba hiyo ni ya nyuzijoto 20, na dari la bati mchana hufika 35 bila shida. Ukinzani wa shaba hupanda karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi, kwa hiyo gawa kwa 1.059, upate 59. Gawa tena kwa 1.027 ya msokoto: kebo ina mita 57 na nusu. Joto, kumbe, limekula zaidi kuliko msokoto.

Kabla ya yote kwangua ncha ya waya kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na 0.084 haikufai. Pima mita 10 za kebo hiyohiyo upate namba yake.